Picha Bila Tarehe ni Mali Bila Daftari

WAHENGA walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali moja inayopotea hivyo katika nyumba nyingi siku hizi ni picha. Hapo zamani mpiga picha wa studio alikupa picha ya karatasi, nawe ukaandika nyuma yake kwa kalamu mahali na mwaka, kisha ukaitia katika albamu. Leo picha ni maelfu. Nyingine ziko katika simu ya mama, nyingine katika simu iliyopasuka kioo, nyingine katika kadi ya kamera iliyosahaulika kabatini. Ni nani awezaye kusema ipi ilitangulia?

Tatizo hili si la Nairobi na Mombasa pekee. Fikiria familia ya Lopur, mojawapo ya wadi za Turkana Magharibi, katika eneo la Kakuma. Baba ni dereva wa lori kati ya Kitale na Lokichoggio, shangazi anafanya biashara Lodwar, kijana yuko chuoni Eldoret. Kila mmoja ana picha zake. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, familia zimetawanyika mbali zaidi, hadi Marekani, Canada na Australia.

Kwa watu kama hao picha si pambo tu. Anayeomba kuungana na mumewe au watoto wake ng'ambo huulizwa mara nyingi picha zinazoonyesha kuwa waliishi pamoja miaka hiyo yote. Rundo la picha lisilo na mpangilio halimsaidii.

Daftari lililo ndani ya picha

Habari njema ni kwamba picha ya kidijitali huzaliwa na daftari lake. Kamera au simu inapopiga picha, huandika ndani ya faili tarehe na saa, aina ya kamera, na pengine hata mahali. Maandishi hayo yaliyofichika huitwa metadata, na utaratibu wake unaotumika zaidi ni Exif, uliobuniwa nchini Japani mwaka wa 1995. Ukitaka kuyaona, fungua picha kwenye simu na utafute sehemu ya maelezo.

Hapa kuna jambo la kushika. Kila faili ina tarehe mbili zinazochanganya watu. Moja ni tarehe ya faili, ambayo mara nyingi hubadilika ukiinakili kutoka simu hadi kompyuta. Ya pili ni tarehe ya kupigwa picha, iliyo ndani ya Exif, ambayo haiguswi na kunakili. Ndiyo maana picha za arusi ya mwaka wa 2015 huonekana kana kwamba ni za jana. Kompyuta inakuonyesha tarehe ya faili, ilhali wewe unahitaji ile ya ndani.

Basi kusanya picha zote katika folda moja kubwa, bila kufuta chochote. Kisha tumia programu inayosoma Exif. ExifTool na digiKam hutolewa bila malipo. Iamuru ibadilishe majina ya picha, mwaka utangulie, ufuatwe na mwezi, siku na saa, kwa mfano 2013-11-03_17-30. Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga zenyewe kwa kufuatana. Picha za simu tatu zitakaa pamoja kama za simu moja.

Mwanafunzi asisahau kuwa kamera haihesabu saa kwa Kiswahili. Inapoandika 09:00, sisi twasema saa tatu asubuhi.

Kamera ikidanganya

Daftari hili hukosea pale saa ya kamera inapokosea. Betri ikiisha kabisa, kamera nyingi za zamani hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Hapo hutafuta picha moja ambayo siku yake inajulikana bila shaka.

Watu wa Turkana wanayo moja nzuri. Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, mwendo wa saa kumi na moja na nusu jioni, mwezi ulilifunika jua. Tuseme kamera yako iliandika kuwa picha ya tukio hilo ilipigwa tarehe 1 Januari 2010 saa 05:30. Tofauti ni siku 1,402 na saa 12. Iambie programu isogeze mbele kwa kiasi hicho picha zote za kamera hiyo, lakini zile tu zilizopigwa kabla ya betri kuisha tena. Wasio na picha ya kupatwa kwa jua watazame mabango yaliyo nyuma ya watu. Siku ya Wakimbizi Duniani huadhimishwa kila tarehe 20 Juni, na bango lenye mwaka linatosha.

Jamaa walio ng'ambo wana shida nyingine. Saa ya Minneapolis iko nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa 8 au 9, kulingana na majira. Exif haikuwa na nafasi ya kuandika saa za eneo hadi mwaka wa 2016, kwa hiyo picha za zamani zao huenda zikahitaji kusogezwa.

Hadhari tatu

Kwanza, WhatsApp huondoa metadata picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Katika simu nyingi za Android jina la faili, kama IMG-20190612-WA0004, hubaki na tarehe, lakini hiyo si lazima iwe siku ya kupigwa. Mwombe jamaa yako aitume kama dokumenti, nayo itafika na daftari lake.

Pili, ukiipiga picha ya karatasi kwa simu, Exif itaandika siku ya leo. Picha ya mwaka wa 1994 itajiita ya mwaka huu. Muulize nyanya angali na kumbukumbu, kisha uandike tarehe ya kweli mwenyewe. Kwa kuwa tarehe huandikika, usiichukulie Exif kuwa ushahidi usiopingika. Barua, vyeti na mashahidi bado vina kazi yao.

Tatu, daftari lile lile linaweza kumwambia mtu mbaya nyumba yako iko wapi. Aliyekimbia hatari asiweke hadharani picha yenye mahali ilipopigwa. Zima mahali katika mipangilio ya kamera, au uyafute kabla ya kutuma.

Mwisho, weka nakala mbili au tatu katika vyombo tofauti, na kimoja kikae nyumba nyingine. Vumbi na joto la Lodwar havina huruma kwa simu. Kazi yote hii yaweza kuanzwa likizo ya Agosti watoto wakiwa nyumbani. Wao wakishika kompyuta, wazee wataje majina na miaka, maana hakuna kamera inayojua kuwa mtoto yule aliyebebwa mgongoni ndiye huyu anayeuliza maswali sasa.