Dawa ya Magugu Haisikii Moto

Bilpam, makao makuu ya jeshi jijini Juba, si shamba. Hata hivyo dawa ya magugu inawahusu wanaoishi huko, kwa sababu maboza mengi ya Juba hujaza maji kutoka Mto Nile na kwenda kuyamimina kwenye mapipa ya watu. Mto huo umepita Uganda kwanza, na mvua inayoosha mashamba ya kandokando yake huishia humo humo.

Dawa hizi hazisafiri kwa namna moja. Glaifoseti hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi, hivyo huingia mtoni pamoja na tope la mmomonyoko. 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana kwenye mahindi, haishiki udongo sana. Ikipigwa na mvua, huyeyuka na kwenda zake.

Kaskazini zaidi, Sudan iliijua vizuri 2,4-D. Gugu maji lilipoonekana Nile Nyeupe mwaka 1958, serikali iliipulizia mtoni kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba gugu maji likifa huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni mpaka samaki wanakosa pumzi. Kwenye udongo wenye hewa, vijidudu huimaliza nusu ya 2,4-D kwa wiki moja au mbili. Kwenye maji yaliyokosa oksijeni, kazi hiyo huweza kuchukua miezi. Yaani dawa yenyewe hujitengenezea mahali pa kukaa! Ndiyo maana naona waliofuga fukusi wa Neochetina, Sudan na baadaye Ziwa Victoria miaka ya 1990, walikuwa na akili zaidi: mdudu huyo hula gugu maji, na hamwachii mnywaji sumu.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha 2,4-D kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 30 kwa lita, kiasi kisichoonekana kwa macho. Kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu, lakini hakuondoi dawa hii. Maji yakipungua sufuriani, dawa hubaki. Klorini ya boza nayo haitoshi.

Basi kinga ianzie shambani. Ndugu mkulima, usioshe bomba la mgongoni mtoni. Suuza kopo la dawa mara tatu, maji ya suuzo yarudishe ndani ya bomba uyapulizie shambani, kisha litoboe kopo hilo lisije likachotewa maji ya kunywa.