Samaki bila macho, tunaye kwetu

Jioni moja kijana wa jirani yetu alikuwa anafanya zoezi la hesabu kwa koroboi. Baba akamwambia azime, mafuta yanaisha. Mtoto akauliza: "Baba, nikizoea giza, macho yangu si yatakufa kama ya wale samaki wa pangoni?" Baba alikosa jibu, akatuletea sisi.

Samaki hao wako kweli, tena kwetu Kongo. Upande wa Mbanza-Ngungu (zamani Thysville), kati ya Kinshasa na Matadi, kuna mapango yenye maji. Humo anaishi samaki mdogo, urefu kama kidole. Wataalamu walimpa jina mwaka 1921: Caecobarbus geertsii. Macho hayaonekani, ngozi imeyafunika. Rangi pia hana. Anaonekana mwekundu kidogo sababu ya damu iliyo chini ya ngozi. Chakula kinaletwa na maji ya mvua yakiingia pangoni, kwa hiyo kiangazi ni njaa tu. Njia anaijua kwa ule mstari wa ubavuni unaosikia maji yakitikisika. Samaki wengine nao wanao, lakini huyu ndiyo tegemeo lake.

Sasa macho yalienda wapi? Wenzake wa mapango ya Meksiko ndio waliochunguzwa sana. Kumbe kitoto ndani ya yai kinaanza kuumba jicho! Halafu lenzi inakufa, jicho linadidimia. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba walimpandikizia lenzi ya ndugu yake wa mtoni, na jicho likakua. Mwaka 2008 likatangazwa la ajabu zaidi: ukizalisha vipofu wa mapango mawili tofauti, baadhi ya watoto wanaona. Kila pango lilipoteza macho kwa njia yake, kwa hiyo kilichoharibika kwa baba, mama anacho kizima.

Basi hakuna samaki aliyekaa gizani mpaka macho yakafa. Walizaliwa hivyo, kizazi baada ya kizazi. Jicho na ubongo wake vinakula sana, na penye giza na njaa aliyezaliwa na jicho dogo hakupungukiwa kitu, alibakiza nguvu. Mtoto wetu giza halimpofushi. Koroboi itamchosha macho na moshi utamwasha.

Wa kwetu huyo sheria inamlinda tangu ukoloni, na watu waliwahi kumkamata kumuuza awekwe kwenye vioo. Leo kinachomtisha zaidi ni misitu kukatwa juu ya mapango na mawe kuchimbwa.

Baba amepelekewa jibu. Tunasikia koroboi sasa inazimwa baada ya hesabu kwisha.