Ritifaa ya ng' katika Uchakataji wa Matini za Kiswahili: Mfano wa Simulizi za Nzega

Makala haya yanafafanua namna ya kuandaa maktaba ya programu ya kuchakata nyaraka za Kiswahili kwenye kompyuta zenye mifumo endeshi tofauti, yaani Windows, macOS na Linux. Hoja kuu ni kwamba kuainisha alama za maandishi, kazi inayodhaniwa kuwa ya kiufundi tu, ni uamuzi wa kiisimu.

Nzega, mkoani Tabora, ni mfano mwafaka. Wilaya hii imo katika nchi ya Wanyamwezi, ambao upagazi wao katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ulichangia kueneza Kiswahili bara katika karne ya 19. Simulizi inayokusanywa huko leo inaweza kuwa na Kiswahili, Kinyamwezi na Kisukuma katika ukurasa mmoja.

Kwa mtumiaji wa Python, amri *pip install python-docx* husakinisha maktaba inayosoma faili za .docx bila kuhitaji Microsoft Word. Hivyo, msimbo uleule hutumika katika mifumo yote mitatu. Kwa faili za matini tupu, usimbaji utajwe bayana kuwa UTF-8, kwani usipotajwa, Windows inaweza kutumia usimbaji wa zamani usio na herufi zote zinazohitajika.

Tatizo huanzia kwenye neno kama *ng'ombe*. Ritifaa yake huweza kuwa U+0027, inayochapwa kwenye kibodi, au U+2019, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe. Kwa macho ni neno moja. Kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti, na usawazishaji wa kawaida wa Unicode hauziunganishi alama hizo. Aidha, kanuni ya utafutaji *\w+* hulikata neno hilo kuwa *ng* na *ombe*. Orodha ya msamiati itakayopatikana itakuwa na maneno yasiyokuwapo katika lugha. Kuifuta ritifaa nako si suluhisho, kwani *ng'oa* na *ngoa* ni maneno mawili yenye maana tofauti.

Suluhisho limo katika fonolojia. Neno la Kiswahili haliishii kwa *ng*. Kwa hiyo, ritifaa inayofuata *ng* na kutangulia irabu au *w* ni sehemu ya herufi, wala si alama ya kufunga nukuu. Katika mazingira hayo pekee, ibadilishwe kuwa U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi, kisha irejeshwe kuwa ya kawaida wakati wa kuchapisha. Ritifaa ya ushairi, kama katika *n'takuja*, haiguswi na kanuni hii.

Kinyamwezi huongeza suala jingine. Maganga na Schadeberg (1992) wanabainisha irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Mnukuzi akiziandika irabu za ziada kwa *ĩ* na *ũ*, kila moja huweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama herufi na alama yake kando. Hapa usawazishaji wa NFC unatosha, mradi ufanywe kabla ya utafutaji wowote.

Kwa kuhitimisha, kanuni hizi ziandikwe na kuambatanishwa na data. Bila hivyo, watafiti wawili wenye simulizi ileile kwenye kompyuta tofauti watapata idadi tofauti za maneno, na tofauti hiyo itadhaniwa kuwa ya lugha.