Kuosha Gari kwa Mvuke: Maji Machache, Sabuni Kidogo



Vikundi vingi vya vijana hapa Kenya hupata riziki kwa kuosha magari. Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa: ndoo, vitambaa, sabuni ya unga, na mahali penye maji. Shida iko hapo kwenye maji. Mara nyingi gari hupelekwa mpaka mtoni, na yote yanayotoka kwenye gari hubaki mtoni: sabuni, oili, grisi na vumbi la breki. Kule Kisumu magari yameoshwa kwa miaka mingi kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, ziwa hilo hilo ambalo watu huvua samaki na kuteka maji.

Sabuni ikizidi majini huumiza mashavu ya samaki, pale wanapopumulia. Sabuni zenye fosfeti hulisha mwani na magugu maji. Wengine huosha injini kwa petroli au mafuta taa, na hapo kuna hatari ya moto juu ya ile ya kuchafua maji. Tena kuna sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, inayosimamiwa na NEMA, inakataza kumwaga uchafu wa sumu majini. Kikundi kinachooshea magari mtoni kinaweza kufukuzwa siku yoyote, na kazi ikaisha.

Siku hizi kuna mashine za kuosha gari kwa mvuke. Wauzaji wengine husema ukiwa nayo huhitaji sabuni hata tone, wala maji ya kutosha kunawa mikono. Tuangalie jambo hili pamoja kabla kikundi hakijatoa akiba yake.

MVUKE UNAFANYAJE KAZI?

Kila mama anajua kwamba sufuria iliyopikiwa nyama haitakati kwa maji baridi. Mafuta yameganda. Ukitia maji moto, mafuta yanalegea na sabuni kidogo inatosha. Joto limefanya sehemu ya kazi ya sabuni. Mvuke ni hivyo hivyo, lakini una nguvu zaidi.

Kwa nini una nguvu? Kuchemsha lita moja ya maji baridi ni kazi ndogo. Kuyageuza yote yawe mvuke kunataka joto zaidi ya mara 6 ya lile la kuyachemsha. Joto hilo halipotei. Limefichwa ndani ya mvuke, na mvuke ukigusa kitu baridi unageuka tena kuwa maji na kuliachia joto lote pale pale. Ndiyo sababu grisi hulegea upesi. Na ndiyo sababu mvuke huchoma mkono vibaya kuliko maji yanayochemka.

Lakini tusikilizane hapa: mvuke unalegeza uchafu tu, hauuondoi. Kinachoondoa ni kitambaa chako. Bila vitambaa safi vya kutosha, utapaka uchafu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

MAJI YANAYOOKOLEWA

Pimeni wenyewe. Chukueni jerikeni ya lita 20 mwone mpira wenu unaijaza kwa muda gani. Tuseme ni dakika 2. Hiyo ni lita 10 kila dakika. Mpira ukiachwa wazi dakika 15 kwa gari moja, ni lita 150, yaani jerikeni saba na nusu. Magari 10 kwa siku ni lita 1,500. Kwa mvuke, gari dogo lisilo na matope mengi huweza kusafishwa kwa maji yasiyofika jerikeni moja. Mahali ambapo maji yananunuliwa kwa jerikeni, hiyo si tofauti ndogo.

TAHADHARI KABLA YA KUNUNUA

Nguvu ya mvuke haitoki hewani. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula karibu yuniti 0.7 ya stima. Kwa hiyo mashine ndogo ya nyumbani ya wati 2,000, hata ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika, itageuza chini ya lita 3. Mashine kama hiyo inafaa kwa viti, dashibodi na rimu. Haiwezi kuosha matatu moja baada ya nyingine. Mashine za kazi hiyo huchemsha maji kwa dizeli, kwa gesi au kwa stima ya nguvu nyingi, na bei yake ni ya juu. Basi msomeni yule muuzaji kwa kusoma kibao kilicho nyuma ya mashine: wati ngapi? Mwambieni aoshe gari chafu mbele yenu, si gari lililooshwa jana. Ulizeni spea zinapatikana wapi.

Angalieni pia maji yenu. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe ndani ya mashine, kama ule ulio ndani ya birika, na mwisho huziba mabomba yake. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Ondoeni matope kwanza. Gari lililotoka barabara ya changarawe linataka maji kidogo ya kulowesha na kuteremsha mchanga. Ukipangusa mchanga juu ya rangi, unaikwaruza.

2. Anzeni juu, mteremke chini. Magurudumu ni ya mwisho, na yana vitambaa vyake.

3. Shikeni bomba umbali wa kama shibiri moja kutoka kwenye rangi, na mkono usisimame mahali pamoja. Jaribuni kwanza mahali palipofichika. Rangi iliyoanza kubanduka, stika, na kioo chenye ufa msivipulizie.

4. Mmoja anapuliza, mwingine anafuata na kitambaa. Kitambaa kikunjwe mara nne, na upande ukichafuka geuzeni.

5. Kwenye injini, ngojeni ipoe. Funikeni betri, na mvuke usielekezwe kwenye waya wala mahali injini inapovutia hewa. Tegeni karai chini, maana grisi iliyolegea bado ni grisi.

6. Lami iliyoganda na oili ya zamani zitahitaji sabuni. Tieni kidogo kwenye kitambaa, si ndoo nzima juu ya gari.

Vitambaa navyo vitafuliwa. Maji yake yamwagwe kwenye shimo la changarawe lililo mbali na mto na kisima. Oili na grisi ziwekwe kwenye mkebe na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Tukiyamwaga haya mtoni jioni, faida yote tuliyoitafuta tangu asubuhi imekwenda.

USALAMA

Tazameni birika ikichemka. Karibu kabisa na mdomo wake huoni kitu, halafu mbele kidogo ndipo moshi mweupe unapotokea. Ule moshi mweupe ni matone madogo yaliyoanza kupoa. Mvuke wenyewe ni pale usipoona kitu, na pale ndipo moto zaidi. Vaeni glavu na gambuti. Watoto wasikaribie. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, msimpake mafuta wala dawa ya meno, na kama jeraha ni kubwa apelekwe hospitali.

Jambo moja tunalisema kwa nguvu: msitengeneze mashine ya mvuke kwa pipa, mtungi wa gesi au chombo chochote cha kuunganisha kwa weldi. Tunawaheshimu mafundi wetu wa jua kali, lakini mvuke uliofungiwa hupasua chuma na kuua waliosimama karibu. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka boila iwe na valvu ya usalama na geji ya presha, na ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Valvu hiyo isifungwe kwa waya kamwe, hata ikivuja.

Kikundi kisicho na uwezo wa mashine leo kinaweza kuanza bila hiyo. Hameni kutoka mtoni, tumieni ndoo mbili badala ya mpira, maji moto na kitambaa kwa grisi, na pimeni sabuni kwa kijiko. Andikeni kila siku maji, sabuni na magari mliyoosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo ndilo litakalowaonyesha kama mashine italipa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji yetu machafu yanakwenda wapi sasa, na ni nani anayeyatumia chini yetu?

2. Tunatumia jerikeni ngapi na sabuni ya shilingi ngapi kwa gari moja?

3. Tukinunua mashine, ni akina nani watafundishwa kuitumia, na fedha za kuitengeneza zitatoka wapi?