Kubadili kamera au kununua lenzi? Hesabu ya mpenda picha mwenye dola chache

Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi, vijana wengi wanaopenda picha huanza na simu. Siku moja ndugu aliye Ulaya anatuma kamera, au likelemba inatoa zamu, na kijana anapata refleksi ndogo ya okazioni. Anapiga picha za ubatizo, za korali, za jua likizama juu ya Ziwa Kivu. Miaka miwili baadaye picha hazimridhishi tena. Ndani ya kanisa zinatoka na chembechembe, wachezaji wanatoka na ukungu, na rafiki mwenye kamera kubwa anaonekana kumzidi kila siku. Hapo linakuja swali: anunue kamera gani sasa?

Swali hilo ni zito kwa sababu ya pesa. Asiyeishi kwa kazi ya picha hana arusi ya Jumamosi itakayomrudishia dola zake. Akikosea, hana kampuni karibu ya kumrudishia kamera, na pengine atasubiri mwaka mzima kabla ya kupata fungu lingine. Ndiyo maana kabla ya kuuliza jina la kamera inafaa kujua picha zake zinaugua nini.

Ugonjwa kwanza, dawa baadaye

Tuchukue mfano wa kamera moja iliyouzwa sana kwa wanaoanza: Canon EOS 1300D, iliyotoka mwaka 2016. Ina pikseli milioni 18, inapiga picha 3 kwa sekunde, na ina nukta 9 za kulenga. Kwa kawaida iliuzwa pamoja na lenzi ya 18-55, ile ambayo wengi hawajawahi kuitoa kwenye kamera tangu siku ya kwanza.

Mwenye kamera hiyo akae na picha zake 50 zilizoharibika, azipange kwa mafungu. Fungu la kwanza ni zile zenye giza au chembechembe. La pili ni zile ambazo mtu alitikisika. La tatu ni zile ambazo kamera ililenga ukuta badala ya uso. La nne ni zile ambazo hazina kasoro ya mashine: zilipigwa kutoka mbali mno, au mbele ya dirisha lenye mwanga mkali hadi uso ukawa mweusi tii.

Fungu la nne halitibiwi na kamera yoyote. Kwa uso ulio mbele ya dirisha, dawa ni kumgeuza mtu ili mwanga umpige usoni, au kuongeza mwanga wa picha kwa kitufe ambacho tayari kipo kwenye kamera ya zamani. Fungu la kwanza na la pili, mara nyingi, tatizo lake ni lenzi. La tatu ndilo linaloelekeza kwenye kamera yenyewe, ile ambayo wapiga picha huita bwatie.

Hesabu ya mwanga

Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba hiyo ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50, iliyotoka mwaka 2015, inafunguka hadi f/1.8. Tofauti hiyo inaruhusu mwanga karibu mara kumi zaidi kuingia. Kanisani, pale ambapo kamera ililazimika kupanda hadi ISO 6400, sasa inatosha ISO 640 hivi kwa kasi ileile. Chembechembe zinapungua sana, na kamera ni ileile.

Tulinganishe na mtu aliyeacha lenzi na kununua bwatie kubwa. Ndani ya kamera kuna kapteri, kile kibati kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Kapteri ya 1300D ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9. Ile ya kamera kubwa, ambayo Wafaransa huita plein format, ina milimita 36 kwa 24 hivi. Eneo lake ni kubwa mara mbili na nusu. Kwa tundu lilelile, basi, kamera kubwa inapokea mwanga mara mbili na nusu, wakati lenzi ndogo ilileta karibu mara kumi.

Bei nazo zinasema jambo hilohilo. Lenzi hiyo ya 50 ilipotoka ilitangazwa Marekani kwa dola 125. Kamera kubwa ya Canon EOS 6D, ilipotangazwa mwaka 2012, iliwekewa dola 2.099 bila lenzi. Leo kamera hiyo hupatikana kwa okazioni kwa bei ya chini zaidi, lakini bado lenzi inagharimu sehemu ndogo tu ya pesa hizo.

Lenzi ya 50 ina mipaka yake. Haivuti karibu wala haisukumi mbali. Mpiga picha anatembea kwa miguu yake. Kwenye kapteri ndogo inaona kama lenzi ya 80, nzuri kwa uso wa mtu mmoja lakini finyu katika sebule yenye watu kumi na wawili. Na ikifunguliwa hadi mwisho, jicho moja linaweza kuwa safi na sikio likapotea. Kwa korali nzima ni lazima kufunga tundu kidogo, na hapo sehemu ya faida inarudi ilikotoka.

Pale ambapo kamera ndiyo yenye kosa

Kuna wanaofikia ukuta wa kweli. Anayepiga mpira wa miguu uwanjani au wacheza ngoma, na picha 3 kwa sekunde, atakosa teke na mruko. Mwenye nukta 9 tu za kulenga, zote zikiwa katikati, atapata shida mtu akiwa pembeni na anasogea. Anayetaka kurekodi video za korali atagundua kwamba 1300D haina tundu la kuchomeka maikrofoni. Ikiwa mtu ameshapata lenzi yenye mwanga, amejifunza kuipanga kamera kwa mkono, na bado anagonga ukuta huo kila juma, basi sababu ya kubadili bwatie ipo.

Kwa mwenye lenzi za Canon, njia zilizo wazi ni tatu.

Ya kwanza ni EOS 80D ya mwaka 2016. Kapteri yake ni ya ukubwa uleule, kwa hiyo kwa giza haileti muujiza. Lakini ina nukta 45 za kulenga, inapiga picha 7 kwa sekunde, kioo chake cha nyuma kinageuka, na ina matundu mawili, la maikrofoni na la kusikilizia. Katika video inafuata uso taratibu bila kuhangaika. Lenzi zote za 1300D zinaingia humo. Inamfaa anayepiga vitu vinavyokimbia na kurekodi nyimbo.

Ya pili ni 6D. Hii ndiyo ya giza: kapteri kubwa, pikseli milioni 20.2, na nukta ya katikati inayoweza kulenga penye mwanga hafifu sana. Lakini nukta zake ni 11 tu, na ya katikati peke yake ndiyo yenye nguvu kamili. Katika video haifuati mtu anayesogea. Tena kuna mtego mmoja: lenzi zenye alama ya EF-S, pamoja na ile ya 18-55, haziingii kwenye 6D. Anayeinunua bila kujua hilo atajikuta na bwatie nzuri isiyo na lenzi. Ile ya 50, kwa kuwa ni EF, inaingia bila tatizo.

Ya tatu ni hibridi, yaani kamera isiyo na kioo ndani, kama EOS R10 ya mwaka 2022 au EOS R50 ya 2023. Zina pikseli milioni 24.2, zinatambua jicho la mtu na kulifuata, na zinarekodi video ya 4K. Lenzi za zamani zinaingia kwa kutumia adapta ya Canon, nayo ni gharama ya kuhesabu tangu mwanzo. Mwenye flashi ya zamani awe mwangalifu: R50 haiwezi kuiwasha bila kipande kingine cha kuunganisha, wakati R10 inaipokea moja kwa moja.

Kwa wa Nikon, fikra ni ileile lakini mtego ni mwingine. Kamera ndogo kama D3400 hazina mota ya kulengea ndani yake, hivyo lenzi za zamani zenye alama ya AF-D zinabaki za kulenga kwa mkono. Zile za familia ya D7000 zina mota hiyo. Adapta ya Nikon ya kupeleka lenzi kwenye hibridi nayo haina mota.

Canon na Nikon walizindua refleksi zao za mwisho mwaka 2020. Nguvu zao sasa ziko kwenye hibridi. Hilo halifanyi refleksi kufa kesho. Lina maana kwamba zinauzwa kwa wingi za okazioni, na kwamba anayenunua leo ananunua kitu ambacho familia yake haitaongezeka tena.

Umeme, vumbi na fundi

Karatasi ya kiwanda haijui maisha ya huku. Betri ya 6D imepimwa kutoa picha zaidi ya 1.000 kwa chaji moja, na ya 80D karibu 960. R10, kwa kuwa skrini zake zinawaka muda wote, haifiki 500. Mahali ambapo umeme hukatika siku mbili mfululizo, hiyo ndiyo tofauti kati ya kwenda kwenye arusi ya dada ukiwa na betri moja au ukiwa na tatu. Betri ya 1300D haiingii katika kamera yoyote kati ya hizo, kwa hiyo nayo ihesabiwe.

Kuna pia vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na kiangazi hicho kivumbi cheusi kinaingia hadi mifukoni. 80D na 6D zilitengenezwa kwa kinga kiasi ya vumbi na matone. R10 na R50 hazina kinga hiyo. Popote, kubadili lenzi barabarani ni kukaribisha uchafu juu ya kapteri, na katika hibridi nyingi kapteri iko wazi lenzi inapotolewa.

Dakika kumi mbele ya muuzaji

Kamera ya okazioni, iwe imetoka Dubai, Kampala au kwa jirani, inapimwa kabla dola hazijatoka mfukoni. Funga tundu la lenzi hadi f/16, piga picha ya anga tupu, kisha ikuze: madoa meusi yasiyosogea ni uchafu wa kapteri. Weka kifuniko cha lenzi, piga picha ya giza, tafuta nukta zenye rangi. Chomeka kadi yako mwenyewe, jaribu kila kitufe, piga picha 30 mfululizo. Angalia kama skrubu za chini zimekwaruzwa, dalili kwamba mtu aliwahi kuifungua.

Uliza pia imepiga picha ngapi. Pazia la ndani ya 6D lilipimwa kiwandani kwa picha 100.000. Kuvuka namba hiyo hakuiui kamera palepale, lakini kunapaswa kushusha bei. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili ya picha. Kwa refleksi nyingi za Canon inahitajika programu kwenye kompyuta. Na kwa Sony, fungua menyu kwanza: zilizouzwa Japani mara nyingi husema Kijapani tu.

Kwa hiyo, kwa anayepiga picha kwa kupenda, mpangilio wa matumizi unakuwa hivi: kwanza lenzi yenye mwanga, kisha betri ya pili na flashi inayoweza kugeuzwa kuelekea dari, kisha miezi sita ya kuzitumia. Baada ya miezi hiyo, zile picha 50 mbovu zipangwe upya. Kama fungu la wanaosogea ndilo limebaki, 80D au hibridi. Kama ni la giza, na watu wametulia, 6D. Na kama mafungu yote yamepungua, dola zibaki zilipo, au zilipe nauli ya kwenda mahali ambapo bado hajapapiga picha.