Ushauri wa Kutuliza Moyo: Kinachotibiwa ni Hofu, si Mapenzi



Katika viwanda vya Kigali na katika mashamba ya chai wamo wenzetu wanaume wanaopenda wanaume, na wanawake wanaopenda wanawake. Wamo pia walioitwa wavulana tangu kuzaliwa nao wajijua kuwa ni wanawake, au kinyume chake. Twafanya nao zamu moja na twatoa pamoja michango ya chama. Wengi wao hukaa kimya. Leo twaeleza ni ushauri gani unaowafaa wanapoelemewa, na upi unaowaumiza, kwani aliyekosea mlango aweza kupoteza fedha, kazi, hata uhai.

Kwanza sheria. Rwanda haina sheria ya kumfunga mtu mzima kwa sababu ya kupendana na mtu mzima wa jinsia yake. Mwaka 2009 rasimu ya sheria ya jinai ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, lakini kiliondolewa. Burundi walipitisha chao mwaka huo huo, na Uganda wakazidisha ukali mwaka 2023. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kigali anayemweleza mshauri hali yake haungami kosa lolote. Hata hivyo sheria ya kazi ya mwaka 2018, inapokataza ubaguzi, haikulitaja jambo hili kwa jina. Jela haipo, kufukuzwa nyumba na kutengwa na ndugu kupo.

Je, hali hii ni ugonjwa? Hapana. Mwaka 1957 Evelyn Hooker, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapima wanaume 30 wenye kupenda wanaume na 30 wenye kupenda wanawake. Majibu yao yalipelekwa kwa wataalamu bila kuwaambia yupi ni yupi, nao wakashindwa kuwatofautisha. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilifuta jina la ugonjwa huo mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990.

Basi kinachouma ni nini? Mtazame mwenzetu mmoja wa namna hii. Kila asubuhi apanga atakachojibu akiulizwa ataoa lini. Achunga sauti yake, mwendo wake, simu yake. Usiku usingizi hauji, aanza kunywa urwagwa ili alale. Mtu huyo akisimama mbele ya mashine zamu ya usiku, vidole vyake vimo hatarini, na vya jirani yake pia. Mzigo wake ni kujificha na kudharauliwa. Huo ndio unaotibiwa.

Mshauri mzuri hamwambii abadilike, wala hamlazimishi kujitangaza. Mgonjwa akisema, "Mimi ni laana," mshauri huuliza: neno hilo ulilisikia wapi kwanza, na kwa nini uliamini? Kidogo kidogo mtu hujifunza kutenganisha matusi ya watu na nafsi yake, kisha huchagua yupi wa kumwamini. Njia hii imepimwa. Mwaka 2015 John Pachankis na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya vikao 10 kwa vijana 63 wa kiume: dalili za huzuni kuu na ulevi zilipungua. Ni watu wachache, tena wa mbali, lakini ni ushahidi kuliko uvumi.

Wapenzi wawili pia huweza kwenda pamoja. Magomvi yao ni yale yale ya nyumba zote: fedha, wivu, nani atume nyumbani kiasi gani. Lakini wao wana la ziada. Mwenye nyumba ameambiwa ni ndugu, na mmoja anashinikizwa na wazazi aoe. Mshauri asiyelijua hilo atawapatanisha juu ya fedha na kuliacha jeraha lenyewe.

Jihadharini na wanaodai kubadilisha mapenzi ya mtu, kwa maombi ya kulipia au kwa dawa. Kusali si kosa, hata sisi twasali. Lakini kamati ya wanasaikolojia wa Marekani ilipochunguza majaribio hayo mwaka 2009 haikuona ushahidi kuwa yanafanikiwa, bali iliona kuwa yaweza kudhuru.

Hapa Kigali shirika la Health Development Initiative limetetea kwa miaka mingi haki ya watu hawa kutibiwa. Popote uendapo, hata kituo cha afya cha mtaani, uliza kabla hujaeleza lolote: siri yangu itatunzwaje? Umewahi kumsaidia mtu mwenye hali hii? Je, wakusudia kunibadilisha? Akijibu ndiyo swali la tatu, inuka uende zako.

Nanyi wawakilishi wa wafanyakazi: mwenzenu akiomba ruhusa ya kwenda kutibiwa, mwombeeni ruhusa hiyo kwa msimamizi bila kutaja ugonjwa. Akikuambia siri yake, usiiandike katika kumbukumbu za mkutano, na usimweleze hata mkeo.