Buleti za chungu kimoja: namna ya kulisha mwenye sukari, mwenye tansio na asiyekula yai bila kumtenga

Siku ya buleti ni siku ya furaha ndani ya nyumba. Watoto wanazunguka mbabula, harufu ya seleri na kitunguu inafika mpaka kwa jirani. Lakini katika nyumba nyingi za Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, kuko mtu mmoja anayewekewa sahani yake pembeni: ndunda za kuchemsha, bila ladha. Ni koko mwenye sukari, ao baba mwenye tansio. «Mimi sikulake tena nyama, munganga alinikataza,» njo vile anasema.

Mara nyingi daktari hakukataza nyama. Alikataza chumvi nyingi, ao aliomba vyakula vya unga vipunguzwe. Na kupika chungu cha pili kila siku ni makala mengine, ni feza zingine. Wenye pesa kidogo wanachoka haraka, kiisha mgonjwa anarudilia chakula cha wote jinsi kilivyo. Njo maana tunaeleza hapa jinsi chungu kimoja kinaweza kutosha watu wote.

Nini inashika buleti?

Kwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa, wamama wengi wanatia vipande 2 vya mkate uliolowekwa, yai 1, kijiko kidogo 1 cha chumvi, kitunguu, seleri, na Maggi ndani ya supu. Wanapata buleti karibu 20.

Kila kitu kina kazi yake. Mkate unafyonza maji ya nyama, kwa hiyo buleti inabaki laini. Yai linaganda kwenye moto na kufunga vyote pamoja. Chumvi nayo haileti ladha tu: ukikanda nyama yenye chumvi, nyama yenyewe inaanza kunata. Ukijua kazi ya kila kimoja, utajua cha kuweka pahali pake.

Mwenye tansio: chumvi iende mezani

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mkubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni kijiko kidogo kimoja tu, kwa vyakula vyote vya siku.

Tupige hesabu. Kijiko hicho kikiingia katika buleti 20, mtu anayekula 5 amekula gramu 1 na robo. Ongeza Maggi 2 ndani ya supu. Kipande cha gramu 4 kina chumvi karibu nusu yake, ao hata zaidi. Watu wane wakigawana supu hiyo, kila mmoja anapata karibu gramu 1 nyingine. Sasa amepita gramu 2, na hatujahesabu sombe wala chakula cha asubui.

Dawa yake ni hii: nyama na supu vipikwe bila chumvi wala Maggi, na mwenye kutaka chumvi ajitilie kidogo kwenye sahani. Kwa sababu chumvi haiko ya kusaidia nyama kunata, ikande zaidi, kama dakika 5, na uache yai. Ladha itoke kwa tangausi, kitunguu saumu, pilipili, na kitunguu ulichokaanga mpaka kikawa chekundu. Mwishoni kamulia ndimu: ule ukali unafanya ulimi usitafute sana chumvi. Wiki ya kwanza watu watanung'unika. Kiisha ulimi unazoea.

Angalia pia tomati za kopo, maana nyingi zina chumvi tayari. Na makayabo si samaki ya kutengenezea buleti za mtu huyu, hata ukiyaloweka.

Mwenye sukari: adui mkubwa haiko mkate wa ndani

Wengi wanaogopa ule mkate ulio ndani ya nyama. Lakini vipande 2 vya mkate vikigawanywa katika buleti 20, kila buleti inapata kidogo sana. Kinachopandisha sukari ni donge kubwa la bugali lililo kando, na fanta ya kushushia.

Hata hivyo, unaweza kufanya vizuri zaidi. Badala ya mkate, tia kikombe 1 cha maharagi yaliyoiva na kupondwa. Maharagi yanapandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe, yanashika maji ya nyama, na tena yanaongeza wingi: nusu kilo ya nyama inalisha watu zaidi. Usikaange katika mafuta mengi. Tumbukiza buleti ndani ya supu ya tomati inayochemka polepole, ziive humo kwa dakika 20 hivi. Kwenye sahani, nusu iwe lenga-lenga, sombe ao ndunda zingine, robo iwe buleti, na robo iwe bugali.

Ila jambo moja: mwenye kuchoma insulini ao kumeza dawa za sukari asiache kabisa bugali kwa kujiamulia. Sukari ikishuka sana inaweza kumwangusha. Kipimo chake akiulize kwenye kituo cha afya.

Asiyekula yai, asiyekula ngano

Hapa kanuni inabadilika. Kwa chumvi, kidogo kikipita si hatari ya papo hapo. Lakini mtoto ambaye yai linamvimbisha midomo ao linamzuia kupumua, hata kipande kidogo kinaweza kumdhuru. Kwa hiyo usimtengee buleti zake pembeni ya zile zenye yai: badilisha chungu chote. Osha pia sahani na mikono, na usitumie mafuta yaliyokaangia mayai.

Pahali pa yai, pika vijiko 2 vikubwa vya unga wa muhogo katika maji kidogo mpaka uwe uji mzito wa kunata. Uache upoe, kiisha kanda na nyama. Uji huo unafanya kazi ya mkate pia, na muhogo hauna ngano ndani yake. Hivyo unamfaa pia mtu ambaye tumbo lake halivumilii ngano. Lakini kumbuka: unga wa muhogo nao ni chakula cha unga, kwa hiyo mwenye sukari auhesabu pamoja na bugali yake.

Buleti za ziwa letu

Nyama ikipanda bei, ziwa liko. Chukua ndagala kavu, toa vichwa, osha kwa maji ya moto, anika kidogo, kiisha twanga. Kikombe 1 cha unga huo kinatosha vikombe 3 vya viazi vilivyochemshwa na kupondwa. Tia kitunguu, tangausi na pilipili, finyanga, pika ndani ya supu. Wasomaji wa Bukavu na Goma, sambaza wenu wanafaa vilevile: ni ndugu ya ndagala, walipelekwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950.

Buleti hizi zinasaidia pia wakati mgeni ana sheria za dini. Muislamu hatauliza kama nyama ilichinjwa namna gani. Muadventista anayefuata Walawi 11 anakula samaki mwenye mapezi na magamba: ndagala na mikeke ndiyo, kambale hapana. Na asiyekula nyama wala samaki, mtengenezee za maharagi pekee na uji wa muhogo.

Usiku wa mwezi mkubwa wavuvi wanarudi na kidogo, maana taa zao hazivuti ndagala vizuri. Kwa hiyo nunua kavu mapema. Lakini mwenye goti la kuvimba kwa ugonjwa wa gute apunguze ndagala, kwa sababu samaki wadogo namna hii wanaweza kuamsha maumivu. Na mwenye figo mbovu asibadilishe chakula bila daktari: hata maharagi na tomati, vinavyofaa wengine, vinaweza kumzidi.

Usafi ni sehemu ya upishi

Nyama iliyosagwa haiko sawa na kipande kizima. Mashini inapeleka vijidudu vya juu mpaka ndani, kwa hiyo pasua buleti moja uangalie: pasiwe na wekundu katikati. Na Uvira tunaijua kolera vizuri. Mikono ioshwe na sabuni, maji yawe yametiwa dawa ao yamechemshwa, na chakula kilicholala kipashwe mpaka kichemke.

Kiisha weka sahani moja kubwa katikati, na koko aitwe akae na wengine. Chumvi iko mezani, kwa anayeitaka.